Seremala na Mguu Mfupi wa Kiti

Kuchora kiti mbele ya fundi aliyekitengeneza ni kujitafutia kesi. Fundi mwenyewe ni mzee mmoja, seremala mstaafu. Alikuja kuzungumza na baba, akanikuta sebuleni nimenyoosha mkono, jicho moja nimelifumba, penseli nimeielekeza upande wake. Kiti kilikuwa kati yetu. Akadhani namkonyeza.

"Jicho lina nini, mwanangu?"

Halikuwa na kitu. Jicho moja hufumbwa wakati wa kupima kitu kwa penseli ili ukichore, kwa sababu ukitazama kwa yote mawili, ncha ya penseli inaonekana pawili na haitulii popote. Kiwiko nacho hukazwa, kwani kikilegea penseli inasogea usoni na kitu kilekile kinachukua nafasi ndogo zaidi juu yake. Hapo vipimo vinaanza kugombana. Upana wa mgongo wa kiti ndio niliouchagua kuwa kipimo. Uliingia mara 3 na ushei katika kimo chote, toka juu ya mgongo hadi chini ya mguu wa karibu. Kwa hesabu hiyo nikawa nimeweka alama za juu, chini, kushoto na kulia, na mistari elekezi myepesi ya penseli ngumu ya 2H. Mistari hiyo ichorwe kana kwamba unaiogopa karatasi, maana itafutwa.

Mzee alipoona nimening'iniza uzi wenye nati mwishoni, uso ukamchangamka. "Timazi!" Alifurahi kweli. Timazi ndiyo inayokwambia kwamba kona ya mgongo wa kiti, ukishuka nayo wima, haiangukii kwenye mguu wa nyuma kama unavyodhani, bali pembeni yake. Hapo tulikuwa marafiki.

Urafiki ulikufa aliposogea na kuitazama karatasi.

"Mguu wa nyuma mbona mfupi?"

"Unaonekana hivyo kutoka hapa, mzee."

"Hauonekani. Nimeukata mwenyewe." Akachomoa futi kamba mfukoni (ukistaafu useremala, futi kamba haistaafu), akapiga magoti, akapima toka sakafuni hadi kwenye kikalio. Wa mbele, sentimita 45. Wa nyuma, 45. Kisha akaiweka futi juu ya karatasi yangu: wa mbele 9, wa nyuma 7 na nusu. "Na kikalio nilikipa kina cha sentimita 40. Wewe umechora rafu."

Yote aliyosema ni kweli, na ndiyo sumu yenyewe. Nilikuwa nimekaa mita 2 na nusu hivi kutoka kwenye kiti, macho yakiwa juu ya kikalio. Ukikaa hapo mguu wa mbali hupungua, na kikalio hujikunja hadi kuwa ukanda mwembamba. Mkono wa anayekijua kiti hukataa kuchora hivyo. Ndiyo maana sikuwa nachora miguu hata kidogo. Nilikuwa nachora matundu. Uwazi kati ya mguu, fito na kikalio hauna jina wala vipimo vya kiwandani, kwa hiyo kichwa hakina la kubisha. Ule uwazi wa chini, ambao hauna kitako, unaufunga kwa mstari wa kubuni toka unyayo hadi unyayo, na umbo linajitokeza lenyewe. Ukipatia maumbo hayo, miguu imeshajichora.

Nikaona nimtafutie shahidi mkubwa. Nikamweleza kwamba mwaka 1525 mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alichapisha kitabu cha jiometri chenye picha ya watu wawili wakichora udi wa Kizungu, ile ala ya muziki ya nyuzi, nukta kwa nukta, kwa uzi ulioshikizwa ukutani na kupitishwa ndani ya fremu.

"Na huo udi," akauliza, "aliutengeneza nani?"

Sikujibu.

"Fundi," akajijibu. Akachukua penseli yangu laini ya 4B na rula, akaurefusha mguu wa nyuma hadi sentimita 9 kamili, kwa nguvu ileile ya kutia alama mbao. 4B ikikandamizwa hivyo huacha mfereji. Raba inaondoa weusi, mfereji unabaki. Ila kilichoniuma ni kiti. Unyayo wa nyuma ulipotelemka, sakafu nayo ilipinda, na kiti kikawa kimeinuka kitako, tayari kummwaga mkaaji kifudifudi. Ule uwazi wangu wa chini haukufanana na chochote kilichokuwa mle sebuleni.

Mzee mwenyewe aliona kuna kitu hakiko sawa. "Kinayumba," akakiri, kana kwamba nimemchafulia kazi.

Ndipo nikampa kadibodi. Nilikuwa nimekata dirisha la sentimita 12 kwa 9, kwa uwiano wa fremu ya 24 kwa 18 niliyoichora kwenye karatasi. Nikamkalisha palepale nilipokuwa nimekaa, maana ukihamisha kichwa hata shubiri moja, matundu yote hubadilika. Nikamwambia afumbe jicho, auweke mguu wa mbele ubavuni mwa dirisha, halafu autafute wa nyuma ulipoishia.

Akafumba. Akatazama. Akalifumbua, akafumba la pili, akatazama tena. Akatia ukucha kwenye penseli, akapima mguu huu, akapima ule, kiwiko kimekazwa vizuri kuliko changu.

"Mfupi," akasema taratibu.

Nikavuta pumzi. Mapema mno. Mzee aliiweka kadibodi chini, akakiendea kiti, akakinyanyua juu ya alama za chaki nilizozungushia kila mguu, akakipindua chali na kuanza kukagua nyayo zake moja moja kutafuta alama za msumeno.

Baba aliitwa. Akaulizwa ni nani katika nyumba hii aliyeukata.