Lenzi ya kustahimili mvua iandikwe namba yake

Kila lenzi mpya ya kamera ikitangazwa, mchoro ni uleule: lenzi imekatwa katikati, alama nyekundu zinaonyesha ilipo mipira ya kuzuia maji, na pembeni pameandikwa kwamba imejengwa kustahimili vumbi na unyevu. Sasa fungua kijitabu kilichomo ndani ya boksi. Mara nyingi utasoma humo kwamba lenzi hiyo haizuii maji kikamilifu, kwa hiyo uikinge isilowe. Waranti nayo kwa kawaida haigusi uharibifu wa maji. Hili linaniudhi kweli, kwa sababu anayeumia ni yule aliyeongeza hela ili apate ulinzi huohuo.

Kipimo kipo. Kiwango cha IEC 60529, kile cha herufi IP tunachokiona kwenye simu na taa za nje, kina tarakimu ya kwanza ya vumbi na ya pili ya maji. Watengenezaji wa kamera OM System wameandika IP53 kwenye kamera ya OM-1 na kwenye lenzi kama 12-40mm f/2.8 PRO II. Leica waliandika IP54 kwenye kamera yao ya SL2. Tano ya mwanzo inamaanisha vumbi kidogo laweza kupenya lakini si la kukwamisha kazi. Tatu ni maji yanayonyunyizwa kutoka juu mpaka pembe ya digrii 60 kutoka wima. Nne ni maji yanayoruka kutoka pande zote. Mpiga picha akishajua hivyo anaweza kuamua mwenyewe: mvua ya kawaida naendelea, mawimbi yanayorusha maji kutoka chini naondoka. Neno "inastahimili" halimpi uamuzi wowote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba namba hiyo haimalizi kila kitu. Kipimo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi na kwenye kifaa kipya, na mpira huzeeka. Lakini hiyo ni sababu ya kuandika namba pamoja na masharti yake, si sababu ya kunyamaza.

Na masharti ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Geuza lenzi uangalie maunti, sehemu inayoifunga kwenye kamera: lazima pawe na ukingo mwembamba wa mpira unaozunguka chuma na kubanwa na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Usipokuwepo, maji yana njia moja kwa moja hadi kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha. Ukiwepo lakini bodi yenyewe haina ulinzi, maji yataingilia kwenye vitufe na mlango wa betri. Ukiweka katikati telekonveta (kiungo cha kuongeza ukuzaji wa lenzi) isiyo na mpira, umefungua pengo. Halafu kuna mbele. Lenzi kama Canon EF 17-40mm f/4L haijakamilika kuzibwa mpaka ufunge filta, kile kioo chembamba cha mbele, kwa sababu vioo vya mbele vinacheza ndani ya bomba, nyuma ya uzi wa filta. Maelekezo yanasema hivyo. Wangapi wameyasoma?

Tatizo kubwa zaidi ni zumu, lenzi ya kuvuta picha karibu au mbali, hasa ile inayorefuka. Ukiizungusha irefuke, nafasi ya ndani inaongezeka na hewa inavutwa kuingia. Ukiirudisha, hewa inatoka. Ni pampu ya baiskeli. Mtengenezaji hawezi kuiziba isipitishe hewa kabisa, maana zumu ingekuwa nzito na kurudi yenyewe. Kwa hiyo hewa inapita, na vumbi laini linafuata. Maji yanaingia kwa namna nyingine: mvua inalowesha bomba la ndani lililochomoza, unapunguza zumu, na utando ule wa maji unaburutwa kupita ukanda wa kitambaa au mpira uliopo kwenye mdomo. Ukanda unakwangua sehemu kubwa. Kinachobaki kinaingia. Ndiyo maana ukiwa kwenye mvua futa bomba kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudisha zumu, kila mara, bila uvivu. Ndiyo maana pia wanaofanya kazi kwenye vumbi wanapenda zumu isiyobadili urefu. Canon walitoa RF 70-200mm f/2.8 inayorefuka mwaka 2019, kisha mwaka 2024 wakatoa toleo la Z lisilorefuka.

Ikishalowa, zima kamera, toa betri, na usiitenganishe lenzi na bodi kabla ya kufuta ule mshono wa maunti, kisha itoe ukiwa umeielekeza maunti chini. Mashine ya kukaushia nywele iache: joto linalainisha grisi ya ndani, inatambaa hadi kwenye mabamba ya apacha, tundu la kupitisha mwanga, nayo yanaanza kunata. Mchele pia uache, una vumbi lake. Refusha zumu, weka lenzi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) ya kutosha, na usubiri. Maji ya chumvi hayasubiri: futa mara moja kwa kitambaa kilicholowekwa maji safi na kukamuliwa, ndipo ukaushe. Chumvi ikikauka kwenye mshono, inakula skrubu na nyaya.

Kuhusu chuma na plastiki nitasema machache. Maunti ya chuma mara nyingi imeshikwa na skrubu fupi zilizokazwa kwenye plastiki ya ndani, kwa hiyo ubaridi wa chuma mkononi hauthibitishi uimara. Plastiki nzuri hupinda na kurudi. Alumini ikibonyea, pete ya zumu inaweza kukwama.

Lenzi ikienda kwa fundi, muulize kama atabadilisha mipira na gundi za kuzibia alizozifungua. Zikirudishwa zile za zamani, usiipeleke tena kwenye mvua.

Ninachotaka watengenezaji waandike kinaenea kwenye mstari mmoja wa boksi: namba ya IP, imepimwa na bodi ipi, kwa filta au bila filta, zumu ikiwa fupi au ndefu. Na waranti ikubali uharibifu wa maji pale mnunuzi alipokaa ndani ya masharti hayo. Kama hawawezi kuitetea namba, waondoe mchoro wenye alama nyekundu.