Karakana au ajira ya kawaida? Wasioona na viziwi wasioona wa Kusini

Kila zinapotajwa ajira za watu wazima wasioona mkoani Mtwara, jibu la haraka huwa ni korosho. Zao lipo, maghala yapo, na sehemu kubwa ya mavuno bado inasafirishwa ghafi. Ni kweli, vidole vya mtu asiyeona hutenganisha korosho nzima na iliyopasuka bila shida. Kitakachomkwamisha ni rangi, kwa kuwa nyeupe na iliyoungua huwezi kuzitofautisha kwa kugusa.

Lipo zito zaidi. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na mbanguaji wa mkono anayajua vizuri machungu yake. Kiziwi asiyeona husomea nukta nundu, maandishi ya kugusa, kwa vidole hivyohivyo, na huzungumza kwa viganja, mwenzake akimtilia alama mkononi. Ukimweka kwenye kubangua, unahatarisha njia pekee aliyobaki nayo ya kuongea na watu. Kumenya ganda la ndani, sawa. Kubangua, hapana.

Basi tumtafutie nafasi katika sehemu za kazi za kawaida, au tumjengee karakana maalumu ya watu wenye ulemavu?

Wanaotetea ajira jumuishi wana sheria mkononi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Wana historia pia: nchini Marekani, sheria ya mwaka 1938 iliruhusu wafanyakazi wenye ulemavu kulipwa chini ya kima cha chini, na karakana nyingi zikaitumia ruhusa hiyo. Hofu yao kwamba karakana inaweza kugeuka mahali pa kuwaficha watu na kuwalipa chenji ni ya haki kabisa.

Lakini tupige hesabu kwa mazingira ya Mtwara na Lindi. Ukiacha halmashauri, hospitali, bandari na kiwanda cha saruji, waajiri wakubwa si wengi. Mwenye wafanyakazi 40, asilimia 3 yake ni mtu mmoja na kidogo. Nafasi hiyo moja atapewa yule ambaye mwajiri anaona hatamsumbua. Kiziwi asiyeona atakuwa wa mwisho kwenye foleni, miaka nenda rudi.

Huko Seattle, shirika la Lighthouse for the Blind, lililoanza mwaka 1918, linaajiri wasioona na viziwi wasioona, na baadhi yao wanaendesha mitambo ya kutengeneza vipuri vya ndege za Boeing. Karakana za aina hiyo hazikuishi kwa huruma. Mwaka huohuo wa 1938 Marekani ilipitisha sheria nyingine, ya kuifanya serikali kuu inunue bidhaa za karakana za wasioona. Soko lilikuwepo.

Sisi nasi msingi wa soko tunao. Taratibu za ununuzi wa umma zinatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wakiwemo watu wenye ulemavu. Halmashauri zinatakiwa kukopesha asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Masasi kuna Mtapika, chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu. Mashuka ya zahanati, chaki na mifagio ya shule hununuliwa kila mwaka. Kwa nini visitoke kwa mafundi wa hapahapa?

Kwa hiyo mimi niko upande wa karakana, kwa masharti. Mshahara usishuke chini ya kima cha chini cha kisheria. Mlango wa kutokea uwe wazi pia: asiyeona aliyesoma na anayemudu kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti asishonee mashuka, aende ofisini akadai ile asilimia 3.

Linalonisumbua ni mkalimani. Fundi kiziwi asiyeona anamhitaji mtu wa kumfundisha kazi mkono kwa mkono na kumwongoza njiani, na mtu huyo hawezi kulipwa kwa mkopo, maana hazalishi kitu cha kurejesha deni. Mshahara wake uingie kwenye bajeti ya halmashauri kama unavyoingia wa mtunza ghala. Bila hivyo fundi huyo atashinda karakanani asijue kwamba oda imebadilika, wala kwamba wenzake wameshakwenda kula.