Mizani Inakaguliwa, Taa ya Bucha Je?

Ukinunua kilo ya steki Tanzania, mizani inayoipima inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo ndani ya mwaka, na stika iwepo. Muuza viazi anayefunga lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, anajua kwamba akikamatwa ni kesi. Lakini ile taa ya rangi ya waridi juu ya nyama, inayoifanya nyama ya jana ionekane imetoka machinjioni alfajiri ya leo, haina mkaguzi wala stika. Mimi naona taa hiyo ni kipimo kama mizani ilivyo. Mteja haitumii kupima uzito, anaitumia kujua kama nyama ni ya leo, na hilo nalo analilipia.

Wekundu wa nyama si damu. Damu nyingi hutoka wakati wa kuchinja. Rangi inatokana na protini ya kwenye misuli iitwayo mayoglobini. Pande likikatwa sasa hivi, ndani huwa na zambarau iliyokolea. Likipata hewa, baada ya nusu saa hivi uso wake unakuwa mwekundu wa kung'aa, na hiyo ndiyo rangi ambayo wateja wengi wanaiita nzuri. Likiendelea kukaa kwenye joto, upepo na mwanga, chuma kilichomo ndani ya mayoglobini hubadilika na uso unageuka kahawia. Kwa hiyo rangi inasimulia habari za hewa na muda, haisimulii habari za vijidudu. Nyama ya kahawia inaweza kuwa salama kabisa, na nyekundu ikawa imeshikwa na mikono michafu tangu asubuhi. Hata hivyo mteja anapofika dirishani, rangi ndiyo anayoanza nayo, na mara nyingi ndiyo anayoishia nayo.

Taa inaingia hapo. Nyama iliyoanza kuwa kahawia bado inarudisha mwanga mwekundu kwa wingi, ila umechanganyika na njano na kijani. Punguza njano na kijani kwenye mwanga wenyewe, ongeza nyekundu, na kahawia inakosa pa kutokea. Zamani kazi hii ilifanywa na balbu nyekundu au taa ya mrija iliyozungushiwa nailoni nyekundu. Huo ulikuwa ujanja wa mchana kweupe, maana hata kuta na shati la muuzaji vilikuwa vyekundu. Siku hizi kuna taa za LED zilizotengenezwa mahususi kwa kumulika nyama. Zimepunguziwa hasa njano, kwa hiyo karatasi nyeupe chini yake inaonekana karibu nyeupe, yenye uwaridi kidogo ambao usipoambiwa huuoni. Mwanga unaonekana wa kawaida, lakini kila chenye wekundu kinawaka.

Mahali taa inapofungwa ni muhimu kuliko ukali wake. Duka lote likiwa la waridi, macho hulizoea baada ya muda mfupi na ubongo huanza kuupuuza ule uwaridi, japo hauufuti wote. Muuzaji mwerevu hawashi duka zima. Anaweka taa nyeupe ya kawaida dukani, kisha taa ya waridi ndani ya kabati la kioo peke yake, imefichwa nyuma ya ukingo wa juu ili mteja asiione balbu. Macho yamezoea mweupe wa dukani, halafu yanakutana na nyama inayowaka, na ubongo unaona uzuri wa nyama badala ya kuona taa. Ukiona balbu imefichwa na mwanga wake uko kwenye kioo tu, jiulize kwa nini.

Si kila pambo ni udanganyifu. Majani ya kijani, au plastiki ya kijani inayotandikwa chini ya mbavu, nayo huzidisha wekundu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alilieleza jambo hilo mwaka 1839: rangi mbili zinazokinzana zikikaa pamoja, kila moja huikoleza nyingine. Wavu wa machungwa hufanya kinyume chake. Nyuzi nyembamba za rangi ya chungwa huliazima tunda rangi yao, na chungwa lenye ukijani linaonekana limeiva. Mjerumani Wilhelm von Bezold aliandika kuhusu kuazimana huko katika miaka ya 1870. Mimi haya nayavumilia kwa sababu moja. Kwenye plastiki ya kijani unaweza kuinua nyama ukaitazama pembeni, na wavu unaweza kuufungua ukifika nyumbani ukajua umenunua nini na kesho uende kwingine. Taa inabaki pale pale hadi nyama ifungwe kwenye mfuko.

Namna ya kujikinga si ngumu. Mwombe muuzaji akutolee pande hadi mlangoni, kwenye mwanga wa mchana lakini kivulini. Kama ni usiku, washa tochi ya simu, isogeze sentimita kumi au kumi na tano kutoka kwenye nyama, na uangalie mafuta kabla ya nyama yenyewe. Mafuta ya ng'ombe huwa meupe au yenye manjano, hasa ng'ombe mzee aliyekula majani, na umanjano huo si kasoro. Mafuta ya waridi ni kazi ya taa. Usipige picha ukadhani umepata ushahidi, kwa sababu kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe na inaweza kuusafisha ule uwaridi au kuuongeza. Kisha gusa na unuse. Utelezi wa kunata na harufu ya uchachu hazifichwi na LED yoyote. Kwenye maini uwe makini zaidi, kwa kuwa rangi yake ya asili tayari ni kahawia yenye wekundu na chini ya taa hizi huwezi kutofautisha lolote.

Wauza nyama wana hoja, na ni hoja nzito: wateja wenyewe ndio wanaokimbia nyama ya kahawia hata ikiwa nzima, kwa hiyo bila taa wanatupa mali. Ni kweli. Lakini dawa nyingi za kahawia haziko kwenye taa. Tundika kidogo, nyingine ikae kwenye friji kati ya nyuzi 0 na 4. Acha robo ya mnyama ikiwa nzima na ukate mteja anapoagiza, maana kadiri unavyokata vipande vidogo ndivyo uso unaokutana na hewa unavyoongezeka. Nyama ya kusaga inaharibika rangi mapema kwa sababu hiyo hiyo. Geuza feni isipulize nyama moja kwa moja, kwani uso ukikauka unakuwa mweusi. Na taa yenyewe isikae karibu sana, mita moja au zaidi, kwa sababu mwanga na joto ndivyo vinavyoharakisha ukahawia. Kuna kichekesho hapa: wengine wanamulika nyama ili ionekane nyekundu, na kumulika huko kunaifanya iwe kahawia haraka zaidi.

Uchina wameshaamua. Kanuni za usimamizi wa masoko ya mazao ya chakula zilizoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2023 zinakataza taa zinazobadilisha rangi halisi ya bidhaa kiasi cha kumpotosha mnunuzi. Hapa kwetu Bodi ya Nyama ipo, na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, imebeba usalama wa chakula tangu 2019, kwa hiyo hatuhitaji chombo kipya. Kanuni fupi ingetosha: taa juu ya nyama mbichi iwe nyeupe, kati ya kelvini 3500 na 5000 (kelvini hueleza kama weupe wa taa unaelekea umanjano au ubluu), na kipimo cha Ra kilichoandikwa kwenye boksi, kinachoonyesha taa inavyozionyesha rangi kwa uhalisia hadi 100, kisipungue 90. Ra peke yake haitoshi, kwa kuwa hukokotolewa kwa rangi nane zilizopauka na haina nyekundu kali ndani yake, hivyo taa yenye Ra 80 inaweza kuwa mbovu kabisa kwenye wekundu. Iongezwe R9, ambayo ni kipimo hichohicho kwa nyekundu kali peke yake, isipungue 50. Na mteja awe na haki ya kuiona nyama nje ya taa kabla haijakatwa.

Mama muuza nyanya chini ya mwamvuli mwekundu nisingemgusa. Ndiyo, mwamvuli ule unaiva kabla ya nyanya, na akihamia chini ya turubai la bluu bidhaa ileile inaonekana ya kijivu. Lakini hatua mbili pembeni jua lipo, nyanya iko mkononi mwa mnunuzi, na mwamvuli huohuo unaufanya mchicha wake uonekane umenyauka.