Rimu 24 kwenye Challenger? Hapana jamani

Kuna dogo wetu hapa Houston kachukua Dodge Challenger Scat Pack, gari ya Kimarekani ya mbio, V8 ya lita 6.4, nguvu za farasi 485, gari safi kabisa haijaguswa, halafu juzi ananitumia picha ishafungwa rimu za inchi 24 za kromu, "kaka unaionaje?" Kwa kweli imeniuma. Dodge walifunga uzalishaji wa Challenger Desemba 2023, zilizopo ndo hizo hizo, na hii moja imeshaharibiwa mwendo wake kwa hela nyingi.

Watu wanasema ah, ni muonekano tu, kila mtu na ladha yake. Sawa, ladha yako. Ila angalieni Dodge wenyewe walifanya nini walipotaka Challenger kali kuliko zote. Demon 170 ya 2023, farasi 1,025 ukiweka E85 (mafuta yenye ethanoli nyingi), nyuma walifunga rimu ngapi? 17! Challenger Hellcat ya bodi pana ilitoka na 20, tairi 305/35 (yaani upana milimita 305, ukuta wa pembeni asilimia 35 ya upana huo), hawa wakashuka mpaka 17 na tairi 315/50. Piga hesabu, asilimia 35 ya milimita 305 ni kama 107, asilimia 50 ya 315 ni kama 157, yaani ukuta wa tairi umeongezeka sentimita 5 nzima. Huo ukuta ndo kila kitu, gari ikichomoka unajikunja, mpira unalala kwenye lami unashika. Sasa 255/30 ya rimu 24 ukuta wake ni milimita 76 tu, hapo kitajikunja nini? Utabaki unachoma matairi tu, gari haiendi.

Na uzito. Zungusha ndoo ya maji kwa kamba fupi, halafu irefushe kamba, mkono wenyewe utakwambia. Rimu kubwa inapeleka chuma mbali na kitovu, injini inakula nguvu kukizungusha na breki ni zile zile za kiwandani zinatakiwa kukisimamisha, wewe uko frii wei na mtoto kakaa nyuma. Hapa ndo huwa sielewi kabisa watu wanawaza nini, unanunua farasi 485 halafu unazifunga minyororo.

Spidi mita nayo inadanganya, tairi nzima imekua karibu asilimia 5 kuliko 245/45 ya 20 iliyokuja na gari, inasoma maili 70 kwa saa wewe uko 73. Mashimo sina haja ya kueleza, anayeendesha Houston anajua.

Nakubali, wale jamaa wa Miami wenye Impala na Caprice za 1971 mpaka 1976 juu ya rimu kubwa wana utamaduni wao na wengine wanaujulia, ila wanaojua wanabadili breki, shokapu mpaka gia za difu. Na 18 kwenye Camaro ya 1969 sina neno, ile ilitoka na 14 au 15, ukipanda hapo unapata nafasi ya breki kubwa na ukuta unabaki.

Dogo, kama bado unaweza kurudisha hizo 24, rudisha. Chukua 20 za foji (za kufuliwa, si za kumimina), hakikisha ni nyepesi kuliko zilizokuja na gari, pima ofseti (rimu inaingia ndani au inatoka nje kiasi gani) isije ikasugua fenda, hela inayobaki nunua matairi mazuri manne na pedi za breki.