Shuka Uwaambie Mimi Siyo Mamba

Kabla sijaanza naomba ieleweke kwamba mkia haukuwa wazo langu. Mimi nilitaka kichwa na mgongo tu. Mkia, mita moja na nusu ya trei za mayai, aliung'ang'ania mwenzangu, na ndiye huyohuyo aliyetulia juu ya mti wakati mkia huo ukipigwa makasia.

Tuko wawili tu kwenye kikundi, na kikundi kina jina refu kuliko orodha ya wanachama. Tunaigiza ngano za wanyama kwenye shule za msingi na mahafali hapa Mwanza: Sungura na Fisi, Kobe na mbio zake, na ile ya Kima aliyeacha moyo mtini. Watu wawili, wanyama wawili, jukwaa popote penye kivuli. Mimi kwa sababu ya umbo huwa ndiye anayedanganywa. Fisi, mimi. Simba mjinga, mimi. Mwenzangu ana mwili wa njiti ya kiberiti na mdomo wa dalali, basi werevu wote ni wake. Humu nitamwita Tumbili, na bado nimempendelea.

Ngano ya Kima mnaijua. Pwani wanasimulia Kima na Papa. Kima yuko kwenye mkuyu, anamrushia Papa matunda, urafiki unakolea, mpaka siku Papa anamwambia panda mgongoni twende kwetu. Katikati ya maji anamtobolea: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu, lo, ungesema mapema, sisi mioyo yetu tunaiacha mtini, nirudishe nikauchukue. Akishakwea, hashuki tena. Papa akiita, jibu ni moja: "Umenifanya punda wa dobi?" Yaani yule punda aliyeponea chupuchupu kwa simba, sungura akambembeleza, akarudi kuliwa. Ndipo ikasemwa hakuwa na moyo wala masikio.

Sasa ziwani kwetu papa hayupo, maji hayana chumvi. Tukasema mtoto wa huku anamjua mamba, na Papa akawa Mamba. Baadaye mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniambia kwamba hata Wahindi, kwenye masimulizi yao ya kale, huyo rafiki wa majini ni mamba vilevile. Nilijisikia msomi kwa siku mbili hivi.

Vazi tulilishona wenyewe nyumbani Mabatini. Chini salfeti za pumba, juu trei za mayai tulizookota kwa wauza chipsi, maana hakuna kitu duniani kinachofanana na mgongo wa mamba kama trei ya mayai iliyopinduliwa. Tukaipaka rangi ya kijani, ile ya maji, ya ukutani. Taya ni mbao mbili za kreti zenye bawaba na kamba: nikivuta, kwapu! Meno tulikata kwenye ndoo nyeupe. Macho vizibo vya soda. Mimi mwenyewe nilikuwa naonea kooni, kwenye tundu la ukubwa wa andazi.

Mazoezi tulifanyia juu ya mawe nyuma ya nyumba, na pimbi wa pale walizoea kukaa kutuangalia kama wazee wa baraza. Siku ya kwanza nilipofunga taya, wote waliingia chini ya mawe, na hawakuonekana hadi kesho yake jioni. Ile ilikuwa dalili. Mimi niliihesabu kama sifa.

Tukaalikwa shule moja ya upande wa Igombe, siku ya kufunga muhula. Madarasa yalikuwa madogo, mwalimu akaona tuigizie ufukweni, kwenye mkuyu mkubwa hasa, kana kwamba ngano ilitungwa palepale. Watoto wakakaa mchangani wakitazama mti. Upande wa kulia kulikuwa na matete, na nyuma ya matete mitumbwi imepandishwa, na nyuma ya mitumbwi ndiko akina mama wanakoanika dagaa.

Hapo sanaa ikanipanda kichwani. Makubaliano yalikuwa nitokee nyuma ya khanga mbili zilizofungwa kwenye kamba. Nikamwambia Tumbili: mamba gani anatoka kwenye khanga? Natokea majini. Nikakunja suruali, nikazunguka na furushi langu upande wa matete, nikavaa, nikalala kifudifudi kwenye maji ya kufika kifundoni. Wenye dagaa hakuna aliyewaambia lolote. Kulikuwa na haja gani? Mchezo ni wa watoto.

Na kuna jambo moja mtu wa mjini halifikirii. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaijali taa, na wavuvi wanabaki nchi kavu. Ingekuwa siku za giza, saa nne ile ya asubuhi wanaume wote wangekuwa wamelala fofofo baada ya kukesha ziwani. Lakini ilikuwa imebaki siku moja mwezi ukamilike. Kwa hiyo kwenye vivuli vya mitumbwi walijazana wanaume wameshiba usingizi, wanashona nyavu ambazo hazikuchanika, wanacheza drafti, wanatafuta kitu cha kufanya.

Nikasikia Tumbili mtini: "Rafiki yangu Mamba, uko wapi leo?" Nikaanza kutambaa. Trei, kumbe, zinakunywa maji kama mkate unavyokunywa chai. Mkia ulikuwa mzito, naukokota kama naiba jenereta. Na kwa kuonea kooni nikapotea njia. Badala ya kutokea kwa watoto, nikatokea upande wa pili wa matete, mbele ya mama mmoja aliyekuja kusuuza ndoo.

Tulitazamana, hatua mbili baina yetu. Mwigizaji mwenye akili angevua kichwa. Mimi nilijiambia: huyu ni mtazamaji wa kwanza, mpe haki yake. Nikavuta kamba. Kwapu! Nikatoa sauti nzito ya tumboni, ile niliyoifanyia mazoezi wiki tatu: "Rafiki yangu, nimekuja kukuchukua."

Yule mama hakupiga kelele. Kwanza aliiweka ndoo chini taratibu, kama anamlaza mtoto. Kisha akavuta pumzi. "Mayu wane!" Halafu akapiga mwano.

Asiyejua mwano ajue hivi: Usukumani mwano, lile yowe la hatari, hauulizwi maswali. Ukiusikia, unashika kilicho karibu na mkono wako, unakimbilia kule mwano ulikotokea. Walikuja na makasia. Walikuja na mapondo ya kusukumia mitumbwi. Mmoja alikuja na ubao wa drafti, kete zinamdondoka njiani.

Kasia la kwanza lilitua mgongoni, na hapa nazishukuru trei, zinalinda mtu kama zinavyolinda mayai. Nikapiga kelele: "Mimi mtu! Mimi mtu!" Lakini kichwa kile cha mbao kilikuwa kinameza maneno, nje ikatoka "...mtu! ...mtu!" Wakasimama. Nikadhani nimepona. Mzee mmoja akasema kwa mshtuko: "Kameza mtu! Mnamsikia? Yumo ndani, bado mzima!"

Basi huruma ya watu wa ziwani ikaamka. Walikuwa wananipiga ili kuua, sasa wakaanza kunipiga ili kuniokoa, na la pili ni baya zaidi. Wawili wakanikalia mkia. Mwingine akaniambia kwa upole, mdomo wake kooni kwangu: "Vumilia ndugu, tunakutoa." Na nyuma yake nikasikia sauti inaagiza kisu cha kupasulia sangara.

Kisu kilinipa nguvu mpya. Nikatambaa na wokovu wangu wote mgongoni, nikapita matete, nikatokeza mbele ya mkuyu. Watoto wakashangilia, maana walikuwa wamesubiri. Nikainua taya kuelekea juu: "Shuka! Shuka uwaambie mimi siyo mamba!"

Tumbili akaangalia chini. Aliona makasia, akaona kisu, akajiona mwenyewe: mkia wa kamba ya katani, uso umepakwa masizi. Nilimwona akifikiri. Kisha akakumbatia tawi kwa mikono miwili, akajibu kwa sauti safi kabisa:

"Umenifanya punda wa dobi?"

Watoto walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Mwalimu mkuu pia alipiga. Mimi nikauvuta mwili kwa hasira, na mkia, uliokwishalowa chapachapa, ukakatika ukabaki chini ya wale wawili waliokalia. Kimya kikatanda. Mmoja akauokota, akaubonyeza, akanusa. "Hii trei ya mayai."

"Kwani mamba hatagi?" akasema mwenye ubao wa drafti, lakini hata yeye alikuwa ameanza kulegea.

Wakanivua kichwa. Rangi yote ilikuwa imehamia kwangu, nikawa wa kijani kuanzia nyusi hadi kifuani. Yule mama akapenya, akanitazama sana. "Ng'wanawane," akasema, "wewe ni mtoto wa nani?" Kabla sijajibu akavua kandambili, akanizaba moja ya bega. Hiyo nilistahili.

Kwenye kunikimbilia walikuwa wamewakanyaga dagaa wake walioanikwa. Tukahesabu sado tatu, tukaomba zihesabiwe mbili na nusu, akakataa, na malipo yetu ya siku ile yakaishia hapo. Tumbili alishuka hesabu ilipokwisha.

Kwenye daladala ya kurudi nilikaa siti ya nyuma, nanuka dagaa, kichwa cha mamba nimekipakata magotini, jicho moja limetoka. Konda akaja na sarafu zake mkononi, akanitazama mimi, akamtazama mamba.

"Kaka, huyo naye analipa?"

Tumbili hakugeuka kutoka dirishani. "Huyo mwanafunzi."