Chai ya pweza: kabla hamjaendelea kuisambaza

Haya. Kwa kuwa mwalimu wa Bayolojia ameshaiweka kwenye stetasi yake, na mama yangu kanipigia kutoka Kikwajuni kuuliza kama kweli nimefukuzwa kazi, bora niseme mwenyewe. Sikufukuzwa. Na kwenye ile chai ya wageni hapakuwa na pweza mzima. Ilikuwa ncha ya mnyiri, yaani mkono wa pweza. Mnyiri mmoja, tena ncha.

Kwa wasionijua, mimi ni mlezi wa dahalia ya wasichana, skuli moja ya binafsi hapa Pemba. Jina la skuli niachieni, mshahara wa mwezi huu haujaingia. Kazi yangu ni kuamsha watoto alfajiri, kuhesabu vichwa usiku, kuamua kesi za ndoo na kandambili zilizopotea, na kupekua makabati. Kwenye kupekua, bila kujisifu, nilikuwa sina mpinzani. Vitu vinaingizwa humu kama karafuu za magendo zinavyovushwa kwenda Mombasa: boflo ndani ya foronya, achari kwenye chupa ya mafuta ya nywele, simu ndani ya unga wa sembe. Vyote nimevikamata mimi. Nilikuwa na jina, jamani.

Sasa Jumapili ya wazazi mwezi huu iliangukia bamvu, maji yanapokupwa mbali, na Kisiwa Panza walikuwa wameufungua mwamba wao. Wale wenyewe huufunga kwa miezi, hakuna kugusa pweza, wakue. Siku ya kufungua watu wanashuka pwani kisiwa kizima. Kwa hiyo wiki ile pweza alikuwa wa kumwaga, na kila mzazi aliyekuja kumtazama mwanawe alikuja na kikapu kinachovuja.

Usiku wake nikapita chumba cha Kidato cha Pili. Chini ya kitanda cha mwisho kuna kitu kimefunikwa mtandio. Nafunua: birika la umeme. La moto!

Hapo nikahutubia. Niliwaambia kuhusu hatari ya moto. Niliwaambia kuwa umeme huu wanaouchezea umeletwa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo Pemba nzima ilikuwa inategemea majenereta, leo wao wanauharibu kwa uchu wa chai tu! Wakaitikia kwa pamoja, "Samahani mwalimu," vichwa chini, mabega yanatikisika. Nikajua wanalia. Nikawaonea huruma hata, nikaondoka na birika langu kwapani.

Nikikumbuka sasa ile hotuba natamani ardhi inimeze. Umeme wa watu umepita chini ya bahari yote ile, umewapita pweza wazima na minyiri yao wala haukuwagusa, umefika nchi kavu salama, kumbe kazi iliyokuwa ikiusubiri ni kumchemsha mwenzao kwenye birika.

Siku ya pili yake gesi ikaniishia. Sijakaa vizuri, mwalimu mkuu ananipigia: mfadhili yuko getini, yeye na mkewe, wamekuja kuona vitanda vilivyovunjika, watapitia kwako wanywe chai. Mfadhili wetu ni mzee wa hapa hapa, kaishi Maskat miaka mingi, kanzu yake ikipita unasikia udi kabla hujamwona mwenyewe.

Gesi hakuna. Mkaa hakuna. Macho yakaangukia wapi? Eeh.

Wewe unayesema "mimi ningenusa", subiri kwanza. Nilikuwa na mafua, pua zote mbili zimeziba, hata udi wa mzee sikuusikia. Na birika nililisuuza, wallahi nililisuuza. Nikatia maji, majani, tangawizi, iliki, vijiti vya mdalasini, na karafuu konzi nzima, maana Mpemba ukimpa chai yenye karafuu za kuhesabu anakuona bahili. Chujio la mdomoni lilishang'oka zamani. Hilo nililiona, nikalipuuza.

Mtoto aliyeleta sinia la vitumbua alikuwa wa chumba kile kile.

"Mwalimu..."

"Weka hapo, mwanangu."

"Mwalimu, lile birika..."

Nikamtolea jicho. Akameza mate.

"Mwalimu, naomba nikwambie kitu, nje."

"Adabu! Huoni wageni?"

Akatoka. Hakwenda mbali. Nikaona dirishani mitandio myeupe inajipanga, mmoja mmoja.

Nikainua birika kwa mikono miwili, kwa heshima, kuanza na kikombe cha mzee. Chai ikatoka nzuri, nyekundu, ina mvuke. Kikombe hakijafika nusu, ikapungua. Ikawa uzi. Ikawa tone. Nikainamisha zaidi. Haitoki. Nikatabasamu, nikasema, "Ni mdalasini huo, mzee, nimetia vijiti vizima." Mzee akasema mashaallah.

Nikalitikisa.

Kitu kikachungulia mdomoni mwa birika. Cha zambarau. Kimejikunja kidogo, na upande wake mmoja vile vidude vya kunyonyea vimejipanga, vikubwa kisha vidogo, vidogo zaidi, mpaka nchani. Nilikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akili yangu ilikuwa bado inasema mdalasini. Mkono wangu, ambao siku hiyo ulikuwa haushauriani na mtu, ukalitikisa tena.

Chubwi!

Chai ikaruka ikatua kifuani mwa kanzu ya Maskat. Kile kitu kikazama, kikaibuka, kikatundika ncha ukingoni mwa kikombe.

Hakuna aliyesema neno. Mwalimu mkuu alianza kusoma kalenda iliyoko ukutani. Mke wa mzee akajifunika mdomo kwa ukaya. Na mwalimu wa Bayolojia, ambaye hakualikwa na mtu, alifuata vitumbua tu, akanyoosha shingo, akakitazama kikombe, kisha akalitazama birika, akasema kwa sauti ya darasani: "Pweza ana minyiri minane. Mingine iko wapi?"

Mzee akakishika kikombe. Akakinusa. Halafu, naapa, akapiga funda. Akatafakari.

"Mwanangu," akasema, "hii ni chai ama supu?"

Mimi, mtu mzima, mwenye diploma, nikajibu: "Vyote viwili, mzee."

Mkewe akamwambia, "Malizia basi, si kila siku unalalamika magoti." Hapo ndipo dirisha lilipopasuka kwa vicheko, na yule mtoto wa vitumbua nikamsikia akisema, "Mimi nilitaka kumwambia!"

Yaliyobaki mafupi. Vitanda vimekuja, vipya, vya chuma. Mzee kila akipiga simu skuli anauliza jikoni kuna nini. Kanzu niliifua mwenyewe, doa limekataa. Mwalimu mkuu ameanza kunisemesha, ingawa bado ananiita "Bi Supu" akidhani sisikii. Mwalimu wa Bayolojia, futa stetasi, na ile picha ya kikombe pia, najua unayo.

Leo asubuhi akaja mama mwenye birika. Kumbe mtoto alilibeba kutoka nyumbani bila ruhusa, na mama amelitafuta kila pembe. Nikamkabidhi. Nililiosha kwa ndimu, nikalisugua kwa majivu, nikalianika juani. Akafungua kifuniko, akaingiza pua, akakunja uso.

"Mwalimu, birika langu mmelifanya nini? Mbona linanuka iliki?"