Llanowar Elves: Karata ya Mana Moja Inalipa Lini?

Llanowar Elves imo katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering tangu toleo la kwanza kabisa, Alpha, la mwaka 1993. Kazi yake inaelezeka kwa pumzi moja: unalipa mana (nguvu ya kulipia karata) 1 ya kijani, unapata kiumbe chenye nguvu 1 na uhai 1, na kuanzia zamu inayofuata, ukikilaza (ukikigeuza ubavu kuonyesha kimetumika) kinakupa mana 1 ya kijani. Basi. Hata hivyo wachezaji wamegawanyika juu yake hadi leo. Kuna wanaosema kila deki (fungu la karata unalochezea) ya kijani ianze na nakala 4, halafu ndipo mengine yajadiliwe. Kuna wanaoiona mzigo: inakufa kwa kuguswa tu, na ukiivuta zamu ya nane haikusaidii kitu. Pande zote mbili zinasema kweli, ila wa kwanza wanaitazama zamu ya kwanza na wa pili wanaitazama zamu ya nane. Kwangu mimi swali ni moja: deki yako ina nini cha kufanya na mana tatu kwenye zamu ya pili?

Tuanze na hesabu. Chukua kwamba unashusha ardhi moja, yaani karata inayokupa mana 1 kila zamu, katika kila zamu yako. Bila Llanowar, zamu ya 2, ya 3 na ya 4 zinakupa mana 2, 3 na 4, jumla 9. Ukiwa umeishusha zamu ya 1, unapata 3, 4 na 5, jumla 12. Umelipa mana 1, ambayo deki nyingi zingeiacha ipotee, ukavuna 3. Sasa ishushe zamu ya 5. Zamu hiyo unatoa 1, zamu ya 6 inakurudishia hiyo 1, faida inaanza zamu ya 7. Kufikia hapo mkono wako umebaki na karata moja au mbili, na mana ya ziada haina pa kwenda. Karata ni ile ile, gharama ni ile ile, lakini thamani imeyeyuka ndani ya zamu nne.

Uzito wa mana ya mapema hauko kwenye Magic peke yake. Katika Hearthstone, mchezo mwingine wa karata, karata ya Innervate ilikuwa haigharimu kitu na ilikupa fuwele 2 za mana kwa zamu moja tu. Mwaka 2017 watengenezaji waliipunguza ikabaki fuwele 1. Na huko mana inaongezeka yenyewe kila zamu, hakuna hofu ya kukosa ardhi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2018, toleo la Dominaria liliporudisha Llanowar Elves na ndani yake likaleta Steel Leaf Champion. Huyu anagharimu mana 3, zote za kijani, ana nguvu 5 na uhai 4, na hazuiwi na kiumbe chenye nguvu 2 au chini. Zamu ya 1: msitu (ardhi ya kijani), Llanowar. Zamu ya 2: msitu, laza vyote vitatu, Champion yuko mezani. Zamu ya 3 anapiga 5, na mpinzani mwenye viumbe wadogo hana wa kumweka mbele. Kwa uhai wa 20, mapigo manne yanamaliza kazi. Akishuka zamu ya 3, kama kawaida, mpinzani amepata zamu nzima ya kujiandaa. Hapo ndipo Llanowar inapolipa: inaleta karata ya zamu ya tatu kwenye zamu ya pili. Kama karata zako za mana 3 ni nne tu na nyingine nyingi ni za mana 2, umenunua mbio usizo na pa kuzikimbilia. Mimi nisingeiweka kwenye deki yenye pungufu ya karata nane za mana 3 zenye nguvu ya kubadili meza.

Kwa kuwa thamani yake iko zamu ya kwanza, idadi ya nakala ndiyo inayoamua. Katika deki ya karata 60, nakala 2 zinakupa nafasi ya takriban 22% ya kuwa na angalau moja kwenye mkono wa karata saba za mwanzo. Nakala 4 zinakupa karibu 40%. Ukiongeza nakala 4 za Elvish Mystic, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo kwa gharama hiyo hiyo, unafika karibu 65%. Kwa hiyo kuweka mbili “za kusaidia tu” ndiyo njia mbaya kuliko zote: utazikuta zamu ya sita mara nyingi kuliko ya kwanza. Weka 4 au 8, la sivyo usiweke kabisa.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Llanowar mkononi bila mana ya kijani zamu ya kwanza ni karatasi tu. Deki yenye ardhi 14 za kijani zinazoingia zikiwa wima, yaani tayari kutoa mana, ina nafasi ya takriban 86% ya kuwa na angalau moja kati ya karata saba za mwanzo. Ardhi hizo zikiwa 10, inashuka hadi 74%. Wajenzi wa deki za rangi mbili au tatu hujidanganya hapa: wanahesabu vyanzo vyote vya kijani, zikiwemo ardhi zinazoingia zimelala, ambazo zamu ya kwanza hazitoi chochote.

Sasa hoja kubwa ya wapinzani wa karata hii: inakufa. Ni kweli, na kanuni ya kuiua ni ya zamani kama mchezo wenyewe. Alpha ile ile ilikuwa na Birds of Paradise, kiumbe kingine cha mana 1 kinachotoa mana, na Lightning Bolt, mana 1 nyekundu kwa madhara 3, na tangu hapo wachezaji wanafundishana kumpiga Bolt ndege huyo mara tu anapotua. Lakini tazama mizani ya tukio lenyewe. Umetoa karata moja na mana moja, mpinzani naye ametoa karata moja na mana moja. Mko sawa, na karata aliyoitumia haitaua kiumbe chako kikubwa kinachofuata. Kinachouma ni mkono uliouweka ukiitegemea Llanowar kana kwamba ni ardhi.

Nani ameanza pia kunabadilisha mambo, na watu wengi hawalitilii maanani hili. Ukianza wewe, mpinzani ana zamu moja tu yenye mana 1 kabla hujailaza kwa mara ya kwanza. Karata zake za kuua za mana 2 zimechelewa: utakuwa umeshaitumia zamu ya 2 na karata yako ya mana 3 iko mezani. Akianza yeye, unaposhusha Llanowar zamu yako ya kwanza, anayefuata ni yeye na mana 2. Sasa kila karata yake ya kuua ya mana 1 au 2 inawahi. Karata hii basi ina nguvu tofauti kabisa kutegemea nani ameanza.

Upande wa pili wa meza nao una uamuzi wa kufanya. Una Shock mkononi, mana 1 kwa madhara 2: uitumie sasa au uihifadhi? Jiulize kinachofuata. Kama deki iliyo mbele yako inashusha Champion mwenye uhai 4, Shock yako haitamgusa, kwa hiyo shabaha yake bora ni Llanowar, leo hii. Kama viumbe vyao vya mana 3 vina uhai 2 na vinatisha zaidi, na zamu yako ya kwanza ina kitu kingine cha kufanya, kuihifadhi kuna mantiki.

Kifo cha moja kwa moja kinavumilika. Kufagiwa ndiko kunakovunja mgongo. Dominaria hiyo hiyo ilikuwa na Goblin Chainwhirler: mana 3 nyekundu, nguvu 3, uhai 3, hutoa pigo lake kabla ya adui kwenye mapigano, na anapoingia hutoa dhara 1 kwa mpinzani na kwa kila kiumbe chake. Umeshusha Llanowar tatu? Zimeondoka zote kwa karata moja, na mpinzani amebaki na kiumbe kizuri juu yake. Ukijua kuna Chainwhirler, shusha moja zamu ya 1, kisha tumia mana kwa viumbe vyenye uhai 2 na kuendelea. Ya pili iache mkononi.

Hoja ya zamu ya nane nayo ina namba zake. Deki yenye ardhi 24 na bila Llanowar ina 40% ya karata zinazotoa mana. Ukiweka ardhi 22 na viumbe 8 vya mana, zinakuwa 30 kati ya 60. Nusu nzima ya kila unachovuta hakiathiri meza chenyewe. Wengi hukimbilia kupunguza ardhi hadi 20 au 18, na hapo ndipo wanapoumia. Kiumbe cha mana hakichukui nafasi ya ardhi kwa ukamilifu, maana chenyewe kinahitaji ardhi ili kishuke. Kwa nakala 4 punguza ardhi 1, kwa 8 punguza 2, na uishie hapo.

Mtihani wenyewe unakuja unapotazama karata saba. Una ardhi 1, Llanowar 1 na karata tano nzuri, deki ni ile ya ardhi 22. Kati ya karata 53 zilizobaki, ardhi ni 21. Ukiwa umeanza, unavuta karata moja tu kabla ya zamu ya pili kuchezwa: nafasi ya kupata ardhi ni takriban 40%. Ukiwa wa pili unavuta mbili, nafasi ni 64%, ila mpinzani ana muda zaidi wa kuiua. Mkono huo ninaurudisha ukiwa umeanza, hata kama unachanga upya, unavuta saba na kuweka moja chini ya deki. Wenye ardhi 2 na Llanowar ni habari nyingine: hata ikiuawa, ukiwa umeanza una karibu 62% ya kuipata ardhi ya tatu kufikia zamu ya 3, na ukiwa wa pili karibu 77%. Huo ninacheza nao.

Dawa ya uzito wa zamu za mwisho ni kuweka karata zinazohitaji miili au mana nyingi. Elvish Archdruid, mana 3, huwapa Elves wengine (jamii ya Llanowar) +1/+1, yaani nguvu 1 na uhai 1 zaidi, na akilazwa hutoa mana 1 ya kijani kwa kila Elf uliye naye. Llanowar iliyovutwa zamu ya saba sasa ni nguvu 2, uhai 2, na mana moja zaidi kwa Archdruid. Craterhoof Behemoth, mana 8, akiingia huvipa viumbe vyako vyote +X/+X, X ikiwa idadi ya viumbe vyako. Angalia tu mpangilio: Llanowar uliyoilaza kumlipia haiwezi kushambulia, ingawa bado inahesabiwa kwenye X. Laza ardhi zote kwanza, viumbe mwisho. Collected Company, mana 4, hutazama karata sita za juu na kuingiza hadi viumbe viwili vya gharama 3 au chini. Llanowar inaiwahisha hadi zamu ya 3, lakini kuzikuta Llanowar mbili ndani ya hizo sita kunakatisha tamaa, kwa hiyo na Company weka nne, usiweke nane.

Ukiwa na Llanowar mbili mkononi, zamu ya 2 ina njia panda: karata ya mana 3, au Llanowar ya pili pamoja na karata ya mana 2. Njia ya pili inakupa mana 5 zamu ya 3. Ichague kama tu karata ya mana 5 unayo mkononi tayari na mpinzani hana ufagio. Vinginevyo shusha ya mana 3.

Baada ya mchezo wa kwanza, unapochukua karata kutoka zile 15 za akiba, dhidi ya deki nyekundu iliyojaa karata za kuua za mana 1, nne za Elvish Mystic hutoka kwanza. Llanowar nne hubaki ukiwa unaanza. Ukiwa wa pili, toa na hizo, rudisha ardhi moja, na ujaze nafasi kwa viumbe vya mana 2 vyenye uhai 3.